Fortissimus hafuati fortis

Wanafunzi wengi wa Kilatini huamini kwamba kivumishi cha deklensio (kundi la miishio) ya tatu hubaki humo hata kikifika daraja la juu kabisa. Sivyo. Fortis, “hodari”, ni wa tatu. Fortissimus, -a, -um (kiume, kike, na jinsi ya tatu) hufuata bonus, “mwema”, yaani deklensio ya kwanza na ya pili. Kosa huonekana hapa: “kumpa askari hodari kabisa” ni militi fortissimo, si militi fortissimi. Miishio haihitaji kufanana. Kinachopatana kati ya nomino na kivumishi ni jinsi, idadi na uhusika (kazi ya neno katika sentensi, kama vile mpewa).

Na -issimus yenyewe, kiishio cha daraja hilo la juu kabisa, si ya wote. Vyenye -er huongezewa -rimus kwenye umbo la kiume: acer, “mkali”, acerrimus. Facilis, “rahisi”, na wenzake watano huchukua -limus: facillimus. Utilis, “wa kufaa”, ingawa sura ni ileile, hayumo: utilissimus.