FJ Cruiser ya mtumba: mimi naanzia uvunguni

Dada mmoja alinipigia simu saa moja asubuhi, furaha imemjaa hata salamu akaisahau. "Fundi, nimeipata. Ya bluu, paa jeupe." Hakusema ya mwaka gani. Hakusema imetembea kilomita ngapi. Ya bluu, paa jeupe! Nikajua leo kuna kazi, maana mtu akishaipenda FJ kwa rangi, fundi anaitwa kuibariki ndoa, haitwi kuchunguza.

Kazi yangu hapa Tanga ni kukagua magari kabla hela haijatoka. Magari yote nakagua, ila FJ Cruiser ya Toyota ndiyo inayonikosanisha na wateja. Linauzwa kwa uso wake, na huo uso hauna tatizo hata kidogo. Matatizo yake yote yako mahali ambapo mnunuzi hataki kuchafua shati.

Uso wenyewe umetoka mbali. Sisi tuliokulia karibu na mashamba ya mkonge tunazikumbuka Land Cruiser za zamani, FJ40 na ndugu zake: taa mbili za duara, paa jeupe, kioo cha mbele kimesimama wima. Toyota walizitengeneza kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Mwaka 2003 wakaonyesha Detroit gari la mfano lenye sura ile ile, watu wakalishangilia, na kufikia 2006 likawa linauzwa Marekani. Hata hapo mbele hawakuweka nembo, waliandika TOYOTA kwa herufi kamili kama zamani. Zenye usukani wa kulia ndizo zinazotuhusu sisi, na soko la Japani lilianza kuzipata mwishoni mwa 2010 hadi Januari 2018. Kwa hiyo FJ yoyote utakayoletewa kutoka Japani si mtoto tena, hata kama imeng'arishwa kama sahani ya harusi.

Chini ya huo uso kuna nini? Kuna chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ya familia ya Prado 120 na 4Runner, difu ngumu ya nyuma (mtambo wa kugawa nguvu kwa magurudumu) yenye springi za koili, na injini ya 1GR, V6 ya lita 4.0 ya petroli. Kwa injini sitakuchosha. Inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inazeeka taratibu. Natazama pampu ya maji kama ina ukoko wa pinki uliokauka pembeni, dalili kwamba inavuja kidogo kidogo. Nasikiliza ikiwashwa ikiwa baridi, nachomeka mashine ya kusoma makosa, basi. Muuzaji anapenda sana nikae kwenye boneti. Anawasha, anakanyaga, "sikia hiyo, fundi!" Nasikia. Halafu naomba gunia la kulalia.

Ile ya bluu nilikwenda kuikagua kwenye yadi moja ambayo siitaji. Nikaingia chini na tochi. Chesisi nyeusi tii, inameta, kama imetoka kiwandani jana. Gari la miaka kumi na zaidi halina uvungu unaometa. Rangi ile ilikuwa imepulizwa juu ya kila kitu: juu ya boliti, juu ya mipira ya bushi, mpaka juu ya tope lililoganda. Anayelinda chuma husafisha kwanza, huondoa kutu, ndipo hupaka. Anayepaka juu ya tope anaficha.

Nina nyundo ndogo ya kazi hiyo. Chuma kizima ukikigonga kinalia, "ting", na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti ya kopo lenye mchanga. Nikaanza mbele nikirudi nyuma: ting, ting, ting. Nilipofika karibu na mahali zinaposhikiliwa shokapu za nyuma, sauti ikafa. Nikagonga tena kidogo, ganda la rangi likadondoka kifuani kwangu, limebeba kutu nene ya tabaka tabaka, unaweza kuipekua kama kurasa. Dada alikuwa amesimama pale, naona viatu vyake tu. Nikamwambia, "Dada, inama uone." Akainama, akaona, akanyamaza.

Hiyo kutu inatoka sehemu mbili. Kwanza ni kule kwao. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na jirani zake, wakati wa baridi barabara humwagwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hurukia uvunguni miaka nenda rudi. Pili ni hapa kwetu. Gari linalolala Raskazone likipulizwa na upepo wa bahari usiku kucha, mwisho wa wiki linapelekwa Ushongo kukanyaga mchanga wa ufukweni, halizeeki sawa na linaloishi Lushoto milimani. Na chesisi ya FJ ni ya boksi, ina uwazi ndani na mashimo ya kutolea maji. Tope na mchanga vikiingia humo na mashimo yakaziba, unyevu unabaki. Kutu inaanza ndani ikitoka nje. Siku unayoiona nje, ndani imeshakula.

Kutu nyekundu nyepesi juu ya chuma kinene hainitishi, ni vumbi la uzee. Ninachokitafuta ni maganda: kwenye vishikio vya shokapu na vya mikono ya difu ya nyuma, kwenye mbavu ya mwisho iliyo nyuma ya bampa, kwenye vikalio vya bodi juu ya chesisi, na kwenye mabomba membamba ya breki yanayopita juu ya difu. Hayo mabomba ya breki wengi huyasahau. Nikikuta mahali pameshachomelewa, nauliza nani alichomelea na kwa nini. Majibu ya kawaida ni "sijui, tuliletewa hivyo hivyo".

Ndiyo maana, kabla hata ya kumlipa fundi nauli, nasema omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita mnadani na hupewa karatasi yenye daraja na mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa bodi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. S ni kutu, C ni kuliwa na kutu. Daraja likiandikwa R, gari lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo ina na kilomita za siku ile, kwa hiyo dashibodi ikisema elfu 60 na karatasi ikasema elfu 140, mjadala umekwisha. Kwa ile ya bluu walisema karatasi imepotea. Zinapotea sana karatasi za magari ya aina hii.

Gia boksi nayo ina kisa chake. FJ za Japani ni za otomatiki, na gia boksi hii haina stiki ya kupimia mafuta. Muuzaji atakwambia mafuta yake ni ya maisha. Maisha ya nani, sijui. Kwenye familia hii ya magari mafuta ya gia hupoozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta, na imeshaonekana kile kipoozeo cha ndani kikipasuka, maji yakaingia kwenye mafuta na mafuta yakaingia kwenye maji. Kinachotoka hapo ni uji wa pinki kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na gia boksi iliyokunywa uji huo mara nyingi haiponi. Kwa hiyo nafungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa, natazama kama kuna utelezi au povu. Rejeta ikiwa ni ile ile iliyokuja na gari, namshauri mnunuzi aitenge hela ya rejeta mpya mapema. Ni hela ndogo ukilinganisha na gia boksi.

Kisha tunaenda barabarani, na mimi huipeleka njia ya Pangani ili nipate lami na vumbi siku moja. Kwenye lami naangalia kama gari linavuta upande, kama usukani unatetemeka nikishika breki. Nikisimama taratibu kisha nikasikia "gup" moja chini ya kiti, mara nyingi ni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inayodai grisi. Ina vichuchu vya kutilia grisi, na mafundi wetu wengi hawavigusi mpaka vinazibwa na vumbi. Huo si ugonjwa, tia grisi. Lakini mlio wa kuunguruma mbele ukiwa mwendo wa kati, unaopotea mara tu unapoingiza 4x4, huo ni beringi ndogo ya ekseli kwenye difu ya mbele. Inatengenezeka, ila ipunguzwe kwenye bei.

Kwenye vumbi ndipo namwomba mwenye gari aingize 4x4. Utawaona wanavyohangaika! Mfumo wake ni wa mkono, kuna mti mdogo pembeni ya gia, na kwa kuwa FJ nyingi za mjini hazijawahi kuona tope, ule mti umekaza kwa kutoguswa. Wengine wanauvuta kwa mikono miwili kama wanang'oa muhogo. Loku ya difu ya nyuma, inayofanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, nayo huingia ukiwa kwenye gia nzito ya 4x4 (4L) tu. Taa yake inapepesa kwanza, ikishika inawaka moja kwa moja. Ikipepesa tu milele, mota ya loku imekwama au waya umekatika. Na usidhani FJ zote zina vifaa sawa, ziliuzwa kwa vifurushi mbalimbali. Tazama vitufe mwenyewe, usisomewe tangazo. Halafu usifanye jaribio hilo kwenye lami kavu, utaikunja mitambo bure, maana mbele na nyuma zinafungwa pamoja.

Sasa milango. Hapa wanaume hawanisikilizi kabisa. Milango ya nyuma hufunguka kinyume, kama ya kabati, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Mkanda wa kiti cha mbele umeshikizwa kwenye huo mlango wa nyuma, kwa hiyo dereva lazima ajifungue ndipo abiria atoke. Sasa piga picha uko Ngamiani siku ya soko, umeegesha katikati ya bajaji mbili na mkokoteni wa machungwa, na nyuma yupo mama mkwe. Vioo vya pembeni vya nyuma navyo havishuki. Kiyoyozi kikifa mwezi Januari, waliokaa nyuma wanaiva. Kwa hiyo kiyoyozi cha FJ ni cha kukaguliwa kama breki. Mimi nakiwasha nikifika na sikizimi mpaka naondoka.

Kingine ni kuona. Ile nguzo pana ya nyuma inameza pikipiki nzima, na Tanga tunavyopenda baiskeli na bodaboda, ni lazima ujifunze upya kutazama vioo. Kioo cha mbele kilivyo wima kinapokea kila jiwe la lori. Kikague kwa nyufa ndogo kwenye kingo, na kutu kwenye mpaka wa kioo na paa. Wipa ziko tatu, kwa sababu kioo ni kipana na kifupi. Watoto wanazipenda.

Mafuta hayana siri. Kwa uzoefu wangu, kwa mwendo wa kawaida utapata kilomita 6 hadi 8 kwa lita. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, weka lita 50 za kwenda, zaidi kama unapenda kuyapita malori. Anayetaka kuagiza mwenyewe aingie kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hajatuma dola: kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa ambao kwa injini kubwa kama hii haukwepeki, na umri wa gari unaongeza ushuru wa uchakavu. Nimeona watu wakifurahia bei ya Japani kisha wakakaa chini bandarini.

Ile ya bluu dada aliiacha, kwa uchungu. Wiki mbili hakunipigia, nikajua amenuna. Baadaye akaniletea karatasi ya mnada kwenye WhatsApp, gari la 2015, rangi ya kaki, S moja ndogo kwenye silensa, kilomita 92,000 na zaidi kidogo. Lilipofika nilikwenda kulilalia uvunguni kama kawaida: chesisi ya kijivu ya vumbi, boliti zinaonekana, kila mahali "ting". Tukaing'oa mipira ya sakafu, chini pakavu. Nilimwandikia vitu vitatu vya kufanya: mafuta ya gia boksi na rejeta, grisi ya propela, na kila akirudi Ushongo aoshe uvungu kwa maji baridi siku ile ile, asingoje kesho.

Anaosha kweli, nimemkuta mara mbili kwenye osheo la Chumbageni akiwasimamia vijana wapige maji ndani ya yale mashimo ya chesisi. Mama yake amekataa kabisa kukaa nyuma. Wamemnunulia kistuli cha plastiki cha kupandia mbele, na anayekaa nyuma sasa ni mume.