Kichwa kinachozidi ukilala

Mama mzazi akinijia wiki ya pili baada ya kujifungua, analalamika kichwa, mara nyingi ameshameza dawa za palu. Sishangai, Bukavu malaria ipo. Ila kichwa kikiwa kinazidi siku hadi siku, namuuliza: ukilala chali, kinapoa au kinapanda?

Maumivu yanayotokana na sindano ya ganzi ya mgongo hupoa mtu akilala. Damu ikiganda kwenye vena za ubongo, mara nyingi huwa kinyume: akilala, akikohoa, akijikaza chooni, kichwa kinapanda. Nimewahi kumkuta mgonjwa akisinzia ameketi, mito mgongoni, mama mkwe wake akidhani ni uchovu wa kunyonyesha.

Vena ndizo zinazorudisha damu kwenye moyo. Zikiziba, mambo huwa kama mtaro wa mtaa wetu wa Kadutu siku ya mvua: maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma. Ubongo unavimba, na vishipa vidogo vinaweza kupasuka.

Kichwa huwauma wagonjwa kama 9 kati ya 10. Wengine hutapika, huona ukungu au vitu viwiliviwili, hulegea upande mmoja. Karibu 4 kati ya 10 hupata degedege, na hapo familia hukimbilia chumba cha maombi. Ombeni, lakini mkiwa njiani kuja hospitali.

Kwa nini mzazi? Mwili wake huandaa damu igande upesi ili asitokwe na nyingi akijifungua, na hali hiyo huendelea wiki kadhaa. Hasa zile 6 za kwanza ni za kuchunga. Wengine walio hatarini ni wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, wenye SS (seli mundu), wenye kansa, walioishiwa maji mwilini. Na sikio linalotoa usaha, jamani, msilipuuze: vena kubwa inapita nyuma yake tu.

Skana ya kawaida inaweza kutoka safi. Lazima vena zenyewe zipigwe picha. Tiba ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata kama damu kidogo imevujia ubongoni. “Daktari, inavuja halafu unaiyeyusha?” familia huniuliza. Ndiyo, kwa sababu inavuja kwa kuwa njia imeziba, na heparini huzuia donge lisikue. Baadaye ni vidonge vya kazi hiyo hiyo, kama warfarini, miezi 3 hadi 12. Warfarini haimzuii mama kunyonyesha. Vidonge vyenye estrojeni ndivyo asivirudie. Mkunga atampa njia nyingine.