Kuzamia na mtungi Ngazidja halafu kupanda Karthala: maswali ya afya kabla hujakata tiketi

Ukishazoea kuzamia Mnemba au Diani macho yanaanza kuangalia Komoro, maana ni jirani na lugha yao ukitulia unaielewa nusu. Ila Unguja ni kisiwa cha matumbawe, tambarare, Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kina volkano ya Karthala iliyosimama mita 2,361 juu ya bahari, na huo mlima ndio unaobadilisha ratiba nzima.

Swali: Nina siku sita. Nne nazamia, ya tano napanda Karthala, ya sita narudi Dar. Iko sawa?

Hapana, igeuze. Ukiwa chini ya maji presha inapanda, mita 10 tu ni mara mbili ya huku juu, na mwili unanyonya naitrojeni nyingi kutoka kwenye hewa ya mtungi. Inatoka yenyewe kupitia mapafu, lakini pole pole, masaa na masaa baada ya wewe kuvua fini. Chukua Stoney Tangawizi, fungua kizibo taratibu kinasikika kisss basi, kifungue kwa pupa uone nani atafua hiyo shati. Presha ikishuka haraka naitrojeni nayo inafanya mapovu, kwenye damu, kwenye viungo, mbaya zaidi kwenye uti wa mgongo.

Sasa hatari ya kupanda ndege baada ya kuzamia kila mtu anaijua, mlima watu wanausahau, sijui kwa sababu mlima hauna boding pasi. Ndani ya ndege ya abiria presha inaweza kushuka mpaka iwe kama uko mita 2,400 hivi, Karthala ni 2,361, kwa hiyo damu yako haioni tofauti. Hawaii wana tatizo hilo hilo, pale Maui mtu anazamia asubuhi, jioni anapanda gari kwenda Haleakalā, mita 3,055, kuangalia jua likizama, hata jasho halijamtoka kashajiweka hatarini.

Kwa hiyo mlima kwanza. Ukishuka pumzika siku nzima unywe maji, maana Karthala utashuka magoti yanatetemeka na mwili umekauka, na mwili uliokauka sio wa kuzamisha. Halafu bahari. Siku ya mwisho kabla ya ndege unakaa nchi kavu, tembea Badjanani kwenye vichochoro vya Moroni, kula. Ndiyo, kwa siku sita utabaki na siku mbili tu za mbizi, ongeza siku au acha kimoja.

Swali: Masaa mangapi kabla ya ndege?

Mwongozo wa DAN, wale wa Divers Alert Network, ni angalau masaa 12 kama umezamia mara moja tu, 18 kama umezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kama mbizi yako ilihitaji kusimama kwa lazima wakati wa kupanda. Mimi nahesabu 24 na sibishani na mtu. Na vindege vidogo vya kwenda Mwali au Nzwani, visiwa vingine vya Komoro, ni ndege pia, usiseme ah, ni dakika chache tu.

Swali: Jioni baada ya kuzamia bega linauma, nimechoka vibaya. Si malaria hiyo?

Hapa ndipo watu wetu tunapopotea. Viungo vinauma, uchovu, mtu anaenda duka la dawa ananunua Mseto analala, kumbe ni mapovu. Angalia saa: dalili nyingi za mapovu ya naitrojeni zinatokea ndani ya masaa machache mpaka siku moja baada ya kutoka majini, wakati malaria tangu mbu akuume inachukua kama wiki moja au zaidi. Ganzi, mwili kuchomachoma, mguu kukosa nguvu, kizunguzungu, mkojo kugoma kutoka, hizo usisubiri kukuche. Lala chali, upewe oksijeni asilimia 100 mfululizo, maji unywe kidogo kidogo kama una fahamu zako, na daktari apigiwe simu muda huo huo. Kupima malaria pima, ila kipimo kisicheleweshe oksijeni. Na usikubali kabisa kurudishwa majini eti mapovu yayeyuke, hiyo habari utaisikia kwa wazamiaji wa zamani wa jongoo bahari.

Swali: Dawa ya kinga ya malaria ipi?

Komoro malaria ipo, hasa Ngazidja, kinga ni muhimu. Mwambie daktari mapema kwamba unaenda kuzamia, kwa sababu meflokwini inaweza kuleta kizunguzungu na mambo ya kichwa, na ukiipata hiyo chini ya maji hakuna atakayejua ni dawa au ni mapovu. Malarone au doksisaiklini ndizo zinazotumika zaidi kwa wazamiaji, ila doksisaiklini ngozi inaungua na jua haraka, na kwenye boti kivuli ni cha kugombania.

Swali: Nina mafua kidogo tu.

Baki hotelini. Mimi nililazimisha siku moja, kama mita 4 tu sikio limegoma, nabana pua napuliza halifunguki, nikasema nitashuka hivyo hivyo lisije likanipotezea hela. Likalia kama kijiti kikavu kinavunjika. Wiki tatu nasikia watu kama wako kisimani. Sikio linatakiwa lifunguke kila unaposhuka mita moja au chini ya hapo, likigoma panda kidogo ujaribu tena, likigoma tena kwaheri, samaki wapo kesho.

Swali: Nani asizamie kabisa?

Mwenye seli mundu asizamie. Mwenye vinasaba tu vya seli mundu, asiyeugua, azungumze na daktari kwanza. Mjamzito asubiri ajifungue. Pumu, moyo, kifafa, aliyewahi kupasuka pafu, hao ni lazima wamwone daktari anayeijua mbizi, na ile fomu ya afya usiweke hapana hapana kila mahali ili upite.

Swali: Na hao gombesa, wale samaki wa kale (coelacanth), naweza kuwaona?

Hapana jamani. Gombesa anakaa mita 150 kwenda chini, cheti chako cha kwanza kinaishia 18.

Swali: Kingine cha kuuliza kabla ya kulipa?

Ngazidja haina mito, watu wengi wanavuna maji ya mvua kwenye matangi, na Karthala ilipolipuka 2005 majivu yaliingia humo, kwa hiyo kunywa ya chupa. Mawe meusi ya ufukweni yanakata kama wembe, vaa viatu, hakikisha una chanjo ya pepopunda.

Halafu waulize wenye boti chemba ya presha ya karibu, ile ya kumtibu mwenye mapovu, iko wapi na mgonjwa anafikaje huko, bima ilipe mpaka kumsafirisha. Waambie pia wakuonyeshe oksijeni. Usiridhike na ipo ipo. Waombe wafungue valvu mbele yako, uone mshale wa geji, uione na maski yenyewe. Nimewahi kuonyeshwa mtungi mzuri wa kijani, umepakwa rangi juzi, mshale uko kwenye sifuri.