Maumivu ya chembe ya moyo yanapotoka kwenye moyo wenyewe

Mtu anayesema kwamba chembe ya moyo inamuuma huweka kidole kwenye kile kibonyeo kilicho chini ya mfupa wa kidari, mahali ambapo ndani yake mna mfuko wa chakula na sehemu ya ini. Moyo uko juu zaidi, nyuma ya mfupa huo, katikati ya mapafu, na takriban theluthi mbili zake zimeelekea kushoto. Hata hivyo jina hilo lisipuuzwe. Ukuta wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na ukuta huo ukikosa damu, maumivu yanaweza kusikika hapo hapo kwenye chembe, yakiambatana na kichefuchefu na kutapika, hata mgonjwa na jamaa zake wakaamini kuwa ni vidonda vya tumbo.

Ukuta huo hukosaje damu ilhali vyumba vinne vya moyo vimejaa damu muda wote? Ni kwa sababu msuli wa moyo, ukiondoa tabaka jembamba la ndani kabisa, haulishwi na damu inayopita humo. Hulishwa na ateri mbili za koronari, zinazochomoza kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, juu kidogo ya vali yake na kutambaa juu ya uso wa moyo kabla ya kuzamisha matawi ndani ya msuli. Upana wa ateri hizo mwanzoni ni milimita chache tu, kwa hiyo bonge dogo la damu linatosha kuziba.

Ateri ya kushoto hugawanyika mapema, na tawi lake la mbele hulisha ukuta wa mbele wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho pampu ya mwili mzima. Likiziba, pampu hudhoofika, maji hurudi kwenye mapafu na mgonjwa huhema kwa shida. Ateri ya kulia hulisha ventrikali ya kulia na, kwa watu wengi, ukuta wa chini pamoja na kituo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Ndiyo maana mgonjwa wa "chembe" anayetokwa na jasho jembamba, mapigo yakiwa ya polepole na kizunguzungu kikimshika, hututia wasiwasi mkubwa.

Mgonjwa wa namna hiyo, hasa akiwa mtu mzima au mwenye kisukari, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dawa ya kupunguza asidi ifanye kazi. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi, na kinapaswa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu afike. Dalili zikionyesha ukuta wa chini, vibandiko vya kipimo hicho huwekwa pia upande wa kulia wa kifua, kwa kuwa ventrikali ya kulia ikiwa imeumia, dawa za kutanua mishipa zinaweza kushusha shinikizo la damu kwa ghafla.