Ernesto Abella, mchungaji aliyekuwa msemaji wa Duterte: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jina la Ernesto Abella likitajwa tu mitandaoni hakosi mtu wa kusema "aah, si yule mchungaji wa Duterte mwenye kesi Marekani", na hapo ndo upotoshaji unapoanzia. Mwenye kesi Marekani ni Apollo Quiboloy, anayejiita Mwana Mteule wa Mungu, kiongozi wa Kingdom of Jesus Christ, aliyekamatwa Davao, mji wa kusini mwa Ufilipino, Septemba 2024 kwa mashtaka ambayo mwenyewe anayakana. Abella naye ni mtu wa Davao na naye alikuwa mhubiri wa kiinjilisti, tena mfanyabiashara, na wote wawili walikuwa karibu na Rodrigo Duterte, rais wa Ufilipino kuanzia 2016 hadi 2022, lakini kesi za Quiboloy hazimhusu kabisa na si haki kumbebesha mtu mzigo wa mwingine eti kwa sababu wote walishika Biblia.

Wengine wanadai katiba ya Ufilipino inatenganisha dini na serikali kwa hiyo mhubiri hakutakiwa kupewa cheo pale ikulu ya Malacañang. Kutenganisha kupo kweli, imeandikwa kwenye katiba ya 1987, ila katiba hiyohiyo inakataza kumpima mtu kwa dini yake anapotumia haki zake za kiraia na kisiasa. Hilo limeisha.

Alafu kuna hii ya kwamba Duterte alimuweka mchungaji ili ayapoze makanisa. Kama lengo lilikuwa hilo basi halikufanya kazi, maana karibu 79% ya Wafilipino ni Wakatoliki na Abella hakuwa wa kwao, na Februari 2017 maaskofu Wakatoliki walipotoa waraka usomwe makanisani kulaani mauaji ya watuhumiwa katika vita ya Duterte dhidi ya dawa za kulevya, wakisema maskini wanaishi kwa hofu, aliyewajibu kwa niaba ya serikali ni huyuhuyu Abella, akasema maaskofu wako mbali na hisia za waumini wao ambao wanayaunga mkono mabadiliko.

Ila dhana inayonikera zaidi ni ile ya "msemaji ni kipaza sauti tu, anarudia alichoambiwa". Jamani hapana! Ukifuatilia tangu alivyoanza 2016 unaona sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafsiri, yaani rais anasema jambo zito usiku, asubuhi waandishi wanamsubiri Abella awaambie bosi alimaanisha nini, na yeye kwa sauti yake ya upole ya mtu aliyezoea mimbari anawapa maana nyingine, mpaka kuna siku akawaomba waandishi watumie "ubunifu wa fikra" wasichukue maneno ya rais kama yalivyo. Septemba 30, 2016 Duterte alijilinganisha na Hitler, akasema angefurahi kuwachinja watumiaji wa dawa za kulevya milioni 3. Dunia ikashtuka. Abella akaja na taarifa kwamba rais alikuwa anajibu tu wanaomchora kama muuaji, na kwamba hayo mauaji, ambayo kwa maelezo yake rais alikuwa anasingiziwa, mwisho wake yatawaokoa Wafilipino wa kizazi kijacho. Siku mbili baadaye Duterte mwenyewe akawaomba radhi Wayahudi. Kwa hiyo msemaji alishaitetea kauli ambayo mwenyewe aliyeitoa aliona inahitaji kuombewa radhi, na mimi hapo naumia kwa kweli, kwa sababu mtu aliyewahi kusimama mbele ya wafiwa akawaombea anajua kifo kinafanya nini kwenye nyumba ya maskini, na bado alichagua maneno yale. Kipaza sauti hakichagui maneno, yeye alichagua.

Lakini tusimpe na makubwa yasiyo yake. Kuna wanaoamini yeye ndo aliyeweka sheria ya kijeshi Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini, kwa vile sura yake ndo ilionekana ikitangaza. Mei 23, 2017 yeye na Duterte walikuwa Moscow kwenye ziara, mapigano ya jeshi na wapiganaji wenye itikadi kali yakalipuka Marawi, mji wa Mindanao, na Abella akasimama kuwatangazia waandishi kwamba rais ameshaweka sheria ya kijeshi kisiwa kizima. Uamuzi ulikuwa wa rais, kikatiba ni siku 60 tu mpaka bunge likubali kuongeza, na bunge likawa linaongeza mpaka mwisho wa 2019. Wala hakuwa bosi wa vyombo vya habari vya serikali, idara hiyo ilikuwa chini ya Martin Andanar.

Na hakutupwa nje kama watu wanavosema. Mwishoni mwa 2017 nafasi ikaenda kwa Harry Roque, mwanasheria aliyekuwa mbunge, mtu wa maneno makali, na Abella akahamia wizara ya mambo ya nje kusimamia mawasiliano ya kimkakati.

Mwaka 2022 akagombea urais bila chama, na hapa kuna waliodhani kuonekana kwenye TV kila siku pamoja na mtandao wa makanisa vingembeba. Alipata kura 114,627, akawa wa 7 kati ya wagombea 10, wakati Ferdinand Marcos Jr. alizoa zaidi ya milioni 31. Wafuasi wa Duterte walikuwa na sababu nyingine ya kumpigia Marcos, maana mgombea mwenza wake alikuwa Sara, binti wa Duterte mwenyewe.