Ukumbi wa Stratford: Yanayosimuliwa na Yaliyoandikwa

Dhana: Ukumbi wa kale wa Stratford-upon-Avon, Uingereza, ulijengwa uwe jumba la maigizo.

Ukweli: Kilichojenga ukumbi huo, kati ya 1417 na 1420, ni Chama cha Msalaba Mtakatifu, jumuiya ya kidini iliyowaombea wafu wake na kula karamu pamoja. Chama kilivunjwa 1547. Mwaka 1553 mji ulipata hati ya kujitawala, na ukumbi ukawa wa vikao vya baraza.

Dhana: William Shakespeare, mwandishi maarufu wa tamthilia aliyezaliwa katika mji huo, aliigiza ukumbini humo.

Ukweli: Hakuna hati inayosema hivyo. Iliyopo inasimulia jambo ambalo mimi naliona tamu zaidi. Mwaka 1568 baba yake, John Shakespeare, fundi wa glavu, alichaguliwa kuwa mkuu wa mji. Ni katika mwaka wake wa uongozi ndipo hesabu za baraza zinapotaja kwa mara ya kwanza malipo kwa waigizaji: kundi la Malkia shilingi 9, kundi la Earl (cheo cha bwana mkubwa) wa Worcester shilingi 1. William alikuwa na miaka minne au mitano, na kwao palikuwa mwendo mfupi tu kutoka ukumbini.

Dhana: Waigizaji hao walikuwa wazururaji wa kupita.

Ukweli: Sheria ya 1572 iliwahesabu kuwa wazururaji wale tu wasio na bwana mkubwa wa kuwadhamini. Makundi yenye mdhamini yalifika na barua, yakaenda kwanza kwa mkuu wa mji kuomba ruhusa. Katika miji mingi onyesho la kwanza lilifanywa mbele yake na madiwani, kisha baraza likatoa zawadi.

Dhana: Mji wa Shakespeare ulijivunia sanaa yake tangu mwanzo.

Ukweli: Hapa hadithi za watalii hupotosha kuliko popote. Mwaka 1602 baraza, ambamo Wapuritani, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali, walikuwa wakipata nguvu, lilipiga marufuku maigizo ukumbini, faini shilingi 10. Mwaka 1612 faini ikapanda hadi pauni 10 (pauni moja ilikuwa shilingi 20), yaani mara ishirini. Wakati huo Shakespeare alikuwa hai, na nyumba aliyoinunua 1597, New Place, ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Alifariki 1616. Mwaka 1622 lilifika kundi la Mfalme, kundi la Shakespeare mwenyewe, na baraza likawalipa shilingi 6 ili wasiigize ukumbini.