Mkanda unaofunga si lazima uwe mzima

Wenye magari ya zamani husema: "Mkanda wa usalama ukibana kwenye kifungio, basi ni mzima." Sivyo. Kifungio hushika ncha tu. Kinachokuzuia wakati wa ajali ni utepe wenyewe, na huo huchakaa. Mikanda mingi hufumwa kwa nyuzi za poliesta, na miaka ya jua la dirishani huzidhoofisha. Pitisha vidole kwenye kingo zake, ukiuvuta hadi mwisho, maana sehemu iliyojificha ndani ya kikunjio, yaani kifaa kinachouviringisha mkanda, ndiyo watu husahau. Ukikuta nyuzi zimechomoza, mkato au rangi iliyopauka sana, badilisha.

Mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali kubwa nao haufai tena, hata ukionekana mpya: nyuzi zimeshanyooshwa, na kwenye magari yenye kikazio cha baruti, kifaa kinachouvuta mkanda ukaze gari linapogonga, kikazio hicho hulipuka mara moja tu. Ndiyo sababu mimi sinunui mkanda wa mtumba. Huwezi kujua ulikotoka.

Kushona palipochanika? Hapana, hata kwa fundi viatu hodari. Badilisha mkanda mzima pamoja na kikunjio chake, na utumie boliti zake maalumu, si yoyote iliyookotwa gereji.